Punda amehasiwa, mbona bado anapanda?

SWALI: Assalaam alaykum, Daktari. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Nina punda watatu, majike wawili na dume mmoja, nawabebesha mchanga na mawe kutoka gatini. Dume nilimnunua akiwa na miaka sita hivi, ameshazalisha. Miezi minne iliyopita nilimhasisha ili atulie. Ametulia kwa mengi, hang'ati tena wala halii usiku kucha, lakini jike mmoja akishikwa na joto humpanda vilevile, na juzi shogi ilikatika mchanga wote ukamwagika kichochoroni. Baba mdogo asema aliyemhasi alibakisha mshipa ndani, nisimmalizie pesa zake. Jirani asema ni ukaidi, apigwe tu. Mimi nauliza: ikiwa homoni imeshakatwa, hii tabia inatoka wapi? Na homoni huufanyia nini ubongo hata mnyama akabadilika?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, maana ndani yake kuna pesa za mtu zilizozuiwa na kuna mnyama anayengojewa na fimbo, na yote mawili yanategemea swali lako la mwisho. Kwa hiyo naanza na hilo, na nitalijibu kwa urefu.

Testosteroni, ile homoni ya dume itokayo korodani, haimshiki punda kamba ikamvuta. Kazi yake ni kama ya fundi wa nyumba. Huingia katika seli fulani za ubongo ikazifanya zitengeneze vitu ambavyo zenyewe zisingetengeneza, au zingetengeneza kidogo. Vikishajengwa, hukaa. Fundi akiondoka leo, ukuta hauanguki leo. Wewe umeyaona magofu ya mawe: nyumba ilihamwa, chokaa ikabanduka, mvua za masika zikaila kidogo kidogo, na kuta nyingine bado zimesimama. Ubongo wa dume wako ndio kwanza uko katika masika yake ya kwanza.

Kwamba korodani hutia kitu katika damu, hilo lilionekana zamani. Mwaka 1849, huko Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold aliwahasi majogoo sita. Walioachwa hivyo hivyo waliacha kuwika na kupigana. Wale waliorudishiwa korodani ndani ya tumbo, ikiwa imekatwa kutoka mahali pake pa asili, waliendelea kuwika, kupigana na kufuata mitetea. Kitu chenyewe kilikuja kutengwa mwaka 1935 kutoka korodani za fahali, kikapewa jina la testosteroni.

Sasa tuingie ndani ya seli, kwa sababu hapo ndipo penye jibu lako.

Testosteroni hutengenezwa kutokana na kolesteroli, yale mafuta ambayo wazee wetu wenye presha huambiwa wayapunguze. Ndugu zake ni estrojeni, projesteroni na kortisoli. Wote huitwa steroidi, na wote wana asili hiyo ya mafuta. Hili lina maana kubwa. Chukua insulini, ambayo ni protini. Ngozi ya seli ni ya mafuta, insulini haiwezi kuipenya, basi hupokewa dakani, ukumbi wa mlangoni, kama mgeni wa heshima: hukaa barazani, hutoa ujumbe wake pale pale, na watu wa nyumbani ndio wanaoupeleka ndani. Testosteroni haingoji dakani. Hupita daka, ikapita tekani, ule ukumbi wa ndani ya mlango, ikavuka kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba, hadi ndani, kwa sababu ukuta wenyewe ni wa jamaa zake. Hata kile kizuizi cha mishipa midogo kinachoukinga ubongo na vitu vingi vya damuni, yeye hukipita.

Lakini kuingia kila nyumba si kufanya kazi kila nyumba. Ndani ya seli lazima awepo mwenyeji, protini iitwayo kipokezi, yenye umbo la kuishika homoni hiyo na si nyingine. Seli isiyo na kipokezi, homoni huingia ikatoka kama haikuja. Seli iliyo nacho, kipokezi huishika homoni, hubadilika umbo, kisha vikiwa pamoja hukaa juu ya sehemu maalumu za DNA, uzi wa urithi ulio ndani ya seli, karibu na jeni zinazohusika, yaani maagizo ya kutengeneza protini. Jeni iliyokuwa kimya huanza kunakiliwa, nakala hutolewa nje ya kiini, na protini mpya hutengenezwa kwa kuifuata: vipokezi zaidi, vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kemikali mwilini), vifaa vya kupokea na kutoa ujumbe wa neva. Jeni nyingine hunyamazishwa kwa njia hiyo hiyo. Kazi hii huchukua saa, mara nyingi siku. Ndiyo maana panya dume aliyehasiwa zamani, ukimdunga testosteroni leo, hapandi leo. Siku mbili hazitoshi. Siku ya tano baadhi huanza, na ikifika siku ya kumi wengi wamerudia hali yao. Damu ilijaa homoni tangu siku ya kwanza. Kilichokuwa kikingojewa ni ujenzi.

Seli zenye vipokezi hivi kwa wingi, kwa jambo unaloniuliza, zimekusanyika chini kabisa ya ubongo, upande wa mbele wa haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo inayosimamia homoni na hamu, mahali paitwapo eneo la prioptiki. Mwaka 1966 Julian Davidson aliweka chembe ya testosteroni pale pale, ndani ya ubongo wa panya waliohasiwa, na wakaanza kupanda tena. Sehemu nyingine za ubongo hazikujibu vizuri kama pale. Nalisema hili kwa sababu watu wengi huamini udume wa mnyama uko kwenye korodani zake tu. Korodani ni ghala. Pazungumzwapo mambo ni ubongoni.

Na huko ubongoni kuna jambo ambalo mimi, tangu nilipolisoma mara ya kwanza, halijaacha kunistaajabisha. Mwaka 1934 Bernhard Zondek alipima mkojo wa farasi dume, yule dume kamili wa kuzalisha, akakuta umejaa estrojeni, homoni ambayo watu walikuwa wakiiita ya kike, na chanzo chake kilikuwa korodani zenyewe. Maelezo yake ni kwamba mwili una kimeng'enya kiitwacho aromatasi ambacho huichukua testosteroni na kuigeuza kuwa estradioli, estrojeni yenye nguvu kuliko zote za mwilini. Miaka ya 1970 Frederick Naftolin na wenzake walionyesha kwamba ubongo nao hufanya kazi hiyo ndani yake. Kwa hiyo katika panya na wanyama wengine kadhaa, sehemu kubwa ya hamu ya dume huwashwa na estradioli iliyopikwa papo hapo ndani ya seli za ubongo wake. Ukisikia mtu akigawa homoni za kiume huku na za kike kule kama milango miwili ya msikiti, jua hajafika ndani.

Baada ya ujenzi huo, je, punda hupanda mwenyewe tu? La. Mtazame vizuri siku hiyo gatini. Jike mwenye joto husimama, hulaza masikio nyuma, hunyoosha shingo chini, kisha kinywa chake hufunguka na kufumba kama atafunaye hewa, ute ukimdondoka. Hiyo ni alama ya punda jike ambayo ni nadra kukosekana, uijue. Dume hunusa mkojo wake mchangani, akainua kichwa, akakunja mdomo wa juu hadi ufizi ukaonekana, na kubaki hivyo kitambo. Watoto husema anacheka. Ukweli ni kwamba anaipeleka harufu kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa lake, na kutoka hapo neva huipeleka ubongoni, hatua kwa hatua, hadi eneo lile la prioptiki.

Hapo ndipo kazi ya fundi inapoonekana. Miongoni mwa vitu ambavyo testosteroni huongeza katika seli hizo ni kimeng'enya cha kutengeneza naitriki oksaidi, gesi inayorahisisha kumwagika kwa dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe ubongoni, na dopamini ndiyo inayomsukuma mnyama kukifuata anachokitaka. Harufu ile ile ya mkojo, katika ubongo uliojengwa, hufungua dopamini nyingi. Katika ubongo ambao ujenzi umebomoka, hufungua kidogo, na dume hunusa akaendelea na majani yake. Homoni haimwoni jike wala haimnusi. Imeandaa tu jinsi ubongo utakavyomjibu.

Basi rudi kwa punda wako. Korodani zikitolewa, testosteroni ya damuni huporomoka ndani ya siku moja au mbili. Ujenzi wa ubongoni hauporomoki hivyo. Protini za zamani huchakaa bila ya kuletwa mpya, viungo kati ya neva hupungua taratibu. Katika panya waliohasiwa, kinachokwisha kwanza ni kumwaga, kisha kuingiza, na kupanda tu juu ya jike hudumu kuliko vyote. Nadhani hilo umelitambua: dume wako anapanda, lakini sidhani kama anamaliza kama zamani. Tena uzoefu una uzito. Mwaka 1958 Rosenblatt na Aronson waliwalinganisha paka dume waliokwisha kupanda kabla ya kuhasiwa na wale ambao hawajawahi. Wenye uzoefu waliendelea muda mrefu zaidi. Dume wako alinunuliwa mtu mzima aliyezalisha. Njia ile imekanyagwa sana ubongoni mwake, na njia iliyokanyagwa haioti nyasi kwa mwezi mmoja. Kwa farasi, ambao tumewachunguza zaidi kuliko punda, kiasi cha asilimia 20 hadi 30 ya waliohasiwa huendelea na baadhi ya mambo ya dume. Hakuna aliyekosea katika kuwahasi hao.

Kuna na sababu ya nyuma zaidi. Testosteroni hufanya kazi ubongoni mara mbili. Mara ya kwanza ni mnyama akiwa tumboni au punde tu baada ya kuzaliwa, na alama zake hudumu maisha. Mwaka 1959 Phoenix, Goy, Gerall na Young, katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, waliwadunga testosteroni simbilisi wenye mimba, wale wanyama wadogo wa kufugwa ambao Kiingereza huwaita guinea pig. Watoto wa kike waliozaliwa, hata walipokua, waliwapanda wenzao zaidi na hawakukubali dume kwa urahisi. Mara ya pili ni baada ya kubalehe, na hii ndiyo ya kuwasha yale yaliyopangwa. Kisu cha daktari hukata hii ya pili. Ile ya tumboni ilikwisha kuandikwa miaka mingi kabla hujamnunua.

Kuhusu majike wako, mfano wake ni huo huo kwa homoni nyingine. Yai linapokomaa, estradioli hupanda, huingia katika seli za sehemu nyingine ya haipothalamasi, na jike anayempiga mateke kila dume wiki hii, wiki ijayo anasimama akatafuna hewa. Yai likishatoka, projesteroni hupanda na kumfunga. Hapo pana la kuangalia: katika panya jike, projesteroni ikija baada ya estradioli humfungua zaidi, katika punda na farasi humfunga. Homoni ni moja, molekuli ni ile ile, tofauti iko kwa mwenyeji wa ndani. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akichukua habari ya panya akamvisha binadamu nzima nzima. Estradioli ya jike wako ni sawasawa na ya mwanamke yeyote, lakini binadamu ana malezi, ana haya, ana dini na ana anachokijua kuhusu kesho. Homoni humwelekeza, hazimwamulii.

Niongeze kwa ufupi kwamba si kila kitu hungoja jeni. Steroidi zina njia ya haraka pia, kupitia vipokezi vilivyo kwenye ngozi ya seli, na hiyo hufanya kazi kwa sekunde na dakika. Lakini kwa jambo lako, njia ya polepole ndiyo yenye uzito.

Na sasa fimbo. Nakuomba usimsikilize jirani yako hapa, na nakuomba kwa dhati. Punda anapopigwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga kortisoli, ambayo nayo ni steroidi na nayo huingia ubongoni. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake, New York, waliifuatilia homoni ya aina hii katika ubongo wa panya wakakuta inajikusanya katika hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu ya mahali na matukio. Kwa lugha ya kichochoroni: ukimpiga penye pembe ile ya nyumba, pembe ile, wewe, kamba na shogi vitaandikwa pamoja na maumivu, na kortisoli ndiyo inayokaza wino. Hamu ya jike itabaki palepale, maana fimbo haifiki kwenye seli zile. Utakachopata ni punda anayegoma kufika pembe ile. Punda akiogopa huganda, hakimbii kama farasi, na watu wakamwita mkaidi. Nimewatibu vidonda vya namna hii miaka mingi, migongoni na mapajani, na kila mara mwenye punda huniambia mnyama amezidi kuwa mbaya tangu alipoanza kumrekebisha. Ile methali ya asante ya punda imewaponza sana.

Lipo la baba yako mdogo, nalo halina budi kujibiwa kwa adabu, kwa sababu hakukosea moja kwa moja. Ikiwa kwa "mshipa" anakusudia ule mrija ulioshikana na korodani, unaohifadhi mbegu, imani kwamba kipande chake kikibaki mnyama hubaki dume imeenea dunia nzima kwa wafuga farasi. Mrija ule hautengenezi testosteroni hata kidogo. Ukibaki wote, ubongo haupati kitu. Lakini ikiwa korodani moja haikushuka tangu utotoni, ikabaki tumboni, hilo ni jambo jingine kabisa: korodani iliyojificha haizalishi mbegu nzuri lakini testosteroni inaendelea kuitoa. Kwa hiyo jiulize: siku ile ulionyeshwa korodani mbili, kwa macho yako? Ikiwa uliziona mbili, mmalizie mtu haki yake.

Ikiwa hukuziona, usigombane, pima. Damu huchukuliwa mara moja, kisha punda hudungwa homoni inayoamsha korodani, halafu damu huchukuliwa tena. Testosteroni ikipanda baada ya sindano, kuna korodani ndani. Isipopanda, hakuna. Mwambie daktari atakayepima asitumie kile kipimo cha estroni salfeti kinachotumiwa kwa farasi wakubwa, kwa punda hakitegemewi, na nimeona watu wakipasua tumbo la mnyama bure kwa sababu yake.

Wasiwasi wa mimba uondoe. Baada ya kuhasiwa mbegu zilizobaki mirijani huweza kuzalisha kwa wiki chache, ndiyo maana tunashauri dume atengwe na majike mwezi mmoja na zaidi. Miezi minne imepita. Ikiwa kweli zilitolewa mbili, hakuna kitu pale.

Kilichobaki ni kuupa ubongo nafasi ubomoe ujenzi wake, na usiupelekee harufu ya kuuamsha kila siku. Jike wako hurudi katika joto kila baada ya siku 23 hadi 25 hivi, na joto lenyewe huchukua kama siku sita au saba. Anza kuandika tarehe ukutani, siku ya kwanza unapomwona anatafuna hewa. Siku hizo dume afanye kazi upande mwingine wa mji, au awe mbele ya msafara na jike nyuma kabisa, upepo wa kusi au wa kaskazi ukiwa unatoka kwa dume kwenda kwa jike. Usiwafunge usiku zizi moja. Siku nyingine zote waache pamoja, ni wenzake na anawahitaji. Zikifika duru tatu au nne kwa utaratibu huo na bado anapanda kwa nguvu ile ile, niandikie tena, ukiwa na jibu la damu mkononi.